Shujaa Asiye na Kichwa wa Ein Shikma

Anshel Glezerman alizaliwa Zabrowitz, mji mdogo wa Poland wenye matope mengi na madirisha machache, na hayo machache yote yalitiwa vioo na baba yake. Mzee alikuwa fundi vioo wa kuzunguka vijijini. Anshel alipofikia umri wa kubeba akabebeshwa, begani, bega la kushoto. Sasa mbeba vioo hatembei kama wewe na mimi, ndugu yangu. Anapandisha bega, anainamisha shingo, anaweka mguu chini pole pole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Anshel aliuzoea mwendo huo mpaka ukamganda. Hata siku ya Sabato, hana kioo wala fremu, bega liko juu. Mama yake, Beile-Raizl, akimwona anatokea mwisho wa njia husema, "Huyo anakuja. Bega mbele, akili nyuma."

Na kulikuwa na jambo jingine lililomtoa mama yule roho. Kazi ya vioo ina gundi, na gundi haibanduki mikononi. Kitambaa kipo, kimetundikwa mlangoni, lakini kijana anajifutia nyuma ya suruali, mikono yote miwili, kila mara. Akikemewa, hasikii. Akipigwa, analia, halafu anafuta machozi kwa mikono na mikono kwa suruali.

Siku moja akaja Zabrowitz mtu mwenye mashine ya sinema, akawaonyesha watu treni inayokimbia ukutani. Wengine walikimbia pia. Anshel hakukimbia. Alizunguka nyuma kukagua kioo cha ile mashine, na tangu hapo vioo vya madirisha vikamchosha. Baba alipofariki, kijana akapanda meli kwenda Jaffa. Mama alikataa katakata kuondoka. "Nani atalizuru kaburi la baba yako? Paka?"

Basi akafika Tel Aviv, akafanya kazi ya zege mpaka akapata kamera ya kuzungusha kwa mkono kutoka kwa afisa wa Kirusi aliyeng'olewa na mapinduzi, mlevi, aliyelia wakati wa kuiuza. Akajenga kibanda cha mabati uani. Akaoa mwanamke mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi, Fruma, aliyejua kukata na kuunga filamu kama fundi cherehani. Na hivyo ndivyo Anshel alivyokuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa kuwapelekea Wayahudi wa nchi ile habari zao za wiki kwenye sinema.

Habari gani? Mawe ya msingi! Mji ule wa miaka ile ulikuwa mchanga, nyumba nyeupe na mawe ya msingi. Kamati isiyo na jiwe haikuwa kamati. Walikuwepo watu waliofungua chuo cha muziki kabla ya kupata zumari. Diwani mmoja, Bwana Tabachnik, mnene, mwenye kofia ndefu nyeusi jua liwake lisiwake, alikuwa na mwiko wake mwenyewe wa uashi, wa fedha, na alikuwa akitembea nao. Siku ya kuweka jiwe la maktaba wachimbaji waligonga kitu kigumu. Kutazama, kumbe ni jiwe la msingi la chuo cha muziki.

"Vizuri sana!" akasema Bwana Tabachnik, hata haya hana. "Msingi tayari umeanza. Glezerman, zungusha!"

Jiwe Bwana Tabachnik alilolipenda kuliko yote lilikuwa la hospitali ya macho. Hilo aliliweka mara mbili, kwa sababu akina mama walilia na kilio kinapendeza kwenye picha. Hospitali yenyewe? Mpaka hapo ilikuwa mchanga mtupu na kibao.

Jumamosi jioni Sabato ikishatoka, watu walijaa kwenye sinema ya Bwana Kantor, mbegu za alizeti mifukoni. Wenyewe walidai wamekuja kwa ajili ya picha ya mapenzi kutoka Berlin. Uongo mtupu! Walikuja kujitazama wenyewe. "Yule mimi! Kaa chini, unanikinga mimi!" Mama mmoja muuza samaki alimfukuza Anshel mpaka barabarani. "Wee Glezerman! Umeniweka nyuma ya farasi! Farasi kaonekana mpaka mkia, mimi nimeonekana kilemba tu. Farasi ndiye analipa kiingilio?"

Makopo ya filamu hizo yalikwenda Poland pia. Aliyeyapeleka alikuwa Henokh, mtu wa Zabrowitz naye, mwenye miguu mirefu na maneno marefu kuliko miguu. Alizunguka miji ya Wayahudi wa kule, akawaonyesha mashamba na mawe, wakafungua mioyo na mikoba. Akirudi Tel Aviv huja na salamu za kila mtu, na kwanza huja kibandani kwa Anshel.

"Mama yako hakosi," alisema safari moja, akikoroga chai. "Anakaa mbele kabisa. Amenituma hivi, nakupa maneno yake mwenyewe: 'Mwambie Anshel nimeiona kofia ya yule mnene. Nimeiona mwaka juzi, nimeiona mwaka jana, nimeiona tena sikukuu ya Hanuka. Kofia haijambo. Yeye nitamwona lini?'"

Anshel akacheka. "Mwambie jina langu liko mwanzoni pale, herufi kubwa kama mlango."

"Nilimwambia. Akasema, 'Mimi sikuzaa jina.'"

Fruma akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Henokh hakucheka. Alisogeza kiti. "Anshel, kaka, kuna jingine. Mtoto wa jicho amemwingia. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linaaga. Na ameniuliza... ameiona ile hospitali yenu ya macho kwenye picha. Anauliza imekwisha? Ikiwa imekwisha atauza mto na blanketi aje."

Ungejibu nini wewe? Mwanawe ndiye aliyeipiga picha hospitali ile, na picha yake ilikuwa nzuri, jua limekaa vyema juu ya mwiko.

"Mwambie bado kidogo," akasema Anshel.

Henokh alipotoka, Fruma akamgeukia mumewe. "Sikiliza. Simama hapo uani, mbele ya kamera. Mimi nizungushe. Dakika moja. Mama akuone uso, mambo yaishe."

"Nisimame kama nani? Kama kofia ya Tabachnik? Mpiga picha haingii kwenye picha, Fruma. Mpishi anaingia kwenye supu?"

"Kinyozi hajinyoi, najua. Lakini kinyozi ana mama."

"Mama ataona kitu kikubwa. Nitampelekea filamu kamili, yenye hadithi, kabla jicho halijafunga. Ajue mwanawe hakumwacha ili aje kupiga picha mawe."

"Mwanamke kaomba uso, wewe unampelekea hadithi," Fruma akasema. "Haya. Mwanamume akitaka kupotea hupewa ramani."

Hadithi ilikuwa imemkaa moyoni miaka mingi. Aliiita Mtu Mmoja na Kisima. Kijana Avner anafika peke yake mahali pakavu. Wanamcheka. Anachimba. Anapendwa na Naomi, anapata homa, anachimba tena, na mwisho maji yanatoka. Alimtaka mwigizaji wa mjini acheze Avner, bwana mmoja aliyejua kulia kwa jicho moja, lakini bwana yule aliposikia habari za mbu alikumbuka kwamba kifua chake ni dhaifu. Anshel akaamua kwenda Ein Shikma, shamba la ujima bondeni, ambako vijana walikuwa wanachimba kisima cha kweli. Wangempa watu, nyumbu na kisima. Yeye angewapa umaarufu. Hakuwa na filamu ya kupoteza. Alinunua iliyokuwepo kwa kuuza kabati la Fruma, na Fruma alimkumbusha hilo kabati kila alipotaka kutundika gauni.

Pale Ein Shikma hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali. Ein Shikma kulikuwa na mkutano mkuu.

Walikutana ukumbi wa chakula, baada ya biringani. Biringani ilikuwa kila siku: ya kukaanga, ya kusaga, na Ijumaa ya kujifanya nyama. Mwenyekiti alikuwa Gedalya, mwenye upara na miwani, aliyeacha uwakili ili akamue ng'ombe na sasa alikuwa akiwahoji ng'ombe. Anshel akawasomea hadithi yake, sauti ikamtetemeka mahali pa homa. Akamaliza. Akangoja makofi.

"Ndugu Glezerman," akasema Gedalya, "huyu Avner kachimba kisima peke yake?"

"Ndiyo. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Nyinyi... hamjafika bado."

"Mbona mimi nina malengelenge?" akauliza kijana mmoja nyuma, Uriya, nywele zimemsimama kama fagio. Watu wakacheka.

"Ni hadithi tu, jamani! Filamu inataka uso mmoja. Watazamaji wampende mmoja."

"Ndiyo maana mabepari wanazipenda filamu," akasema mwingine.

Walijadili mpaka taa ikaishiwa mafuta. Mwisho ikapigwa kura. Azimio: Ndugu Avner atakuwepo, lakini hatakuwa mali ya mtu mmoja. Ataigizwa kwa zamu, kama vile kuosha vyombo na kulinda lango. Kila wiki shujaa mpya.

Waswahili tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kule chombo kilikuwa hakijatia hata tanga. Anshel alishika kichwa. Alibembeleza, alipandisha sauti, akatishia kuondoka. Wakamwambia akiondoka aondoke baada ya chakula cha mchana, maana kesho ni zamu yake ya vyombo. Akafikiri juu ya jicho la mama yake. Akabaki.

Ujanja haukumwishia. Aliona wote akiwavalisha kofia moja, ya majani, pana, yenye utepe, watazamaji watadhani ni mtu mmoja. Wiki ya kwanza ikakaa juu ya nywele za Uriya kama kuku juu ya mayai. Wiki iliyofuata ikamtumbukia Gedalya mpaka puani. Avner aliingia shimoni mrefu mwembamba, akatoka mfupi mwenye miwani. Aliugua homa akiwa na ndevu, akapona hana.

Ikaja habari ya busu. Naomi aliigizwa na msichana mmoja tu, kwa sababu wanawake wengine walisema wana kazi. Siku ya busu zamu ikamwangukia Zerubavel, mume wa Hasya. Hasya akasimama mkutanoni, mikono kiunoni.

"Natoa hoja."

"Toa, ndugu Hasya," akasema Gedalya.

"Busu liondolewe. Wapeane mikono."

"Kwa nguvu!" akaongeza mtu.

"Kwa nguvu sawa. Lakini muda mfupi."

Hoja ikapita kwa kura nyingi. Zerubavel peke yake ndiye aliyejizuia kupiga kura, na jambo hilo lilimgharimu nyumbani.

Basi mambo yakaenda hivyo, wiki kwa wiki, mpaka asubuhi moja mchimbaji akapiga ukelele kutoka shimoni. Udongo umelowa! Shamba zima likakimbilia kisimani. Wakakubaliana waufunike usiku huo, na kesho yake, jua likiwa zuri, shujaa atavuta ndoo ya kwanza mbele ya kamera. Anshel alibakiwa na filamu ya tukio hilo moja tu, basi. Ndoo ya kwanza nayo ni moja, huwezi kuirudia. Akatembea kwenda kwenye ubao wa zamu kutazama Mungu amempa nani. Aliomba awe Uriya. Angemkubali hata Gedalya.

Ubaoni palikuwa pameandikwa: Glezerman.

"Haiwezekani!" akapiga kelele ukumbini. "Mimi ndiye ninayepiga picha!"

"Umekula hapa tangu Pasaka," akasema Gedalya kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Anayekula kwa zamu anafanya kwa zamu."

"Na kamera? Nani atazungusha?"

"Mimi," akasema Menukha.

Menukha alikuwa mpishi. Mfupi, mpana, mikono kama ya mpiga makasia. Tangu shamba lianze alikuwa akisubiri maji yaje kwa pipa juu ya nyumbu, na nyumbu alikuwa akija anapotaka. "Ninazungusha mashine ya kusagia biringani kila siku ya Mungu," akasema. "Hiyo yako ina nini?"

Anshel akaangalia nyuso zile. Akaomba ipigwe kura tena. Ikapigwa. Alipata kura moja, na hiyo ilikuwa yake.

Asubuhi akaisimamisha kamera mwenyewe, akaipima, akaifunga, akaweka vijiwe pale anapotakiwa kupita. Akamwambia Menukha kasi ya kuzungusha, akamwimbia kabisa. "Usiguse kitu kingine, dada yangu. Nakusihi." Akavaa ile kofia. Akaenda mpaka mwisho wa shamba, akageuka, akaja.

Alikuja vibaya. Mtu aliyewaelekeza wenzake maisha yake yote, akiambiwa tembea anasahau miguu ni ya nini. Lakini alifika, akainama, akavuta kamba. Ndoo ikapanda. Maji! Ya matope, ya udongo mwekundu, lakini maji. Watu nyuma ya kamera wakalia waziwazi, na Anshel akasahau kwamba anaigiza, akaingiza mikono kwenye ndoo mpaka viwiko, akanywa, akasimama, akajifuta mikono. Kamera ikasema ka-ka-ka, filamu ikaisha.

"Nimepata!" akasema Menukha. "Yote!"

Joto la Tel Aviv huyeyusha filamu ndani ya dawa ya kusafishia picha, kwa hiyo Fruma alinunua kipande cha barafu kwa muuza barafu, wakakiegemeza kwenye sinia la dawa, wakajifungia kibandani chini ya taa nyekundu. Picha zikaanza kutokea pole pole. Shamba. Kisima. Ndoo, safi, katikati kabisa, kila tone linaonekana. Na kando ya ndoo mwili wa mwanamume, kuanzia magotini hadi kwenye ukosi wa shati. Juu ya ukosi hakuna kitu.

Anshel akapiga ukelele, jirani akagonga ukuta.

Baadaye Menukha aliulizwa. Hakuona kosa lolote. "Nilipochungulia niliona mbingu nyingi, bure tupu. Nikaishusha kidogo nione maji. Nani alikuja kuona kichwa chako?"

Filamu ikaonyeshwa kwa Bwana Kantor Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu. Bwana Tabachnik alikaa mbele na kofia yake, waliokaa nyuma yake wakamlaani. Mkutano mkuu ulikuwa umebadilisha hata jina, likawa Sote na Kisima. Avner wa kwanza alipoingia watu walitulia. Alipoingia wa pili wakaulizana. Wa tatu alipotokea sauti ikatoka ghorofani: "Naomi, mwanangu, wangapi hao? Mama yako anajua?" Walipopeana mikono kwa nguvu, ukumbi mzima ulifanya sauti ya busu.

Kisha akaja mtu asiye na kichwa. Tena Menukha, ingawa aliimbiwa, alikuwa amezungusha kama mtu asiye na haraka, na kamera ikizungushwa polepole mtu kwenye pazia hukimbia. Mwili ule ukaja mbio shambani, bega juu, kama aliyeibiwa kichwa anamfuata mwizi.

"Kichwa! Kichwa!" Watu wakapiga sakafu kwa miguu. "Kiko kwa fundi kofia!" "Mwacheni, amechaguliwa kwenye halmashauri!" Bwana Tabachnik akasimama na kuuliza kwa sauti kama hilo ni fumbo juu ya mtu fulani. Hakuna aliyekuwa amefikiria hivyo, lakini baada ya yeye kuuliza walifikiria.

Gazeti moja liliandika kwamba shujaa asiye na kichwa ni picha ya kina ya ujamaa unaomeza nafsi. Jingine likaandika kwamba ni picha ya uongozi wetu. Menukha akisomewa alisema ni picha ya ndoo. Filamu ilidumu mpaka Jumanne.

Anshel alikaa kibandani siku mbili bila kunyoa. Henokh alikuwa anasafiri, meli iko bandarini, na kopo la Zabrowitz lilikuwa mezani.

"Kata," akamwambia Fruma.

"Nikate nini?"

"Kile kipande cha kisima. Chote. Iishie Gedalya akifuta jasho."

"Anshel, huko ndiko wewe uliko."

"Ndiyo maana nasema kata! Miaka yote hii mama hajaniona, leo aje anione sina kichwa? Watu wa Zabrowitz wamcheke na uzee wake? Wamwambie, Beile-Raizl, mwanao kafika mbali, kafika mpaka shingoni? Kata, nakuomba. Mimi siwezi kuangalia."

Akageuza uso. Akasikia mkasi. Fruma akafunga kopo, akampa Henokh mlangoni, na Anshel akarudi kwenye mawe ya msingi. Hakuongea tena habari za hadithi. Bwana Tabachnik alimsamehe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye kamera.

Baridi ikapita, mvua zikaisha. Siku moja mchana Anshel alikuwa kibandani na mikono ndani ya dawa. Ilikuwa filamu ya hospitali ya macho: jiwe lilelile, mara ya tatu, mwiko uleule. Mlango ukagongwa, Fruma akamkaribisha Henokh, na Henokh, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akakaa bila kusema neno.

"Sema," akasema Anshel.

"Tulionyesha ukumbi wa zimamoto, kwenye shuka. Mama yako mbele, karibu aiguse shuka. Zile zamu zenu hakuna aliyecheka. Kila akija Avner mpya wanapiga makofi, walidhani nchi nzima mashujaa. Mama yako kimya. Halafu akaja yule... yule wa mwisho."

"Yupi wa mwisho? Gedalya?"

Henokh akamtazama Fruma. Fruma alikuwa anatazama dari.

"Asiye na kichwa," akasema Henokh. "Alitembea mbio-mbio vile, bega juu. Nikamwona mama yako ameinuka. Mimi nikasema sasa ataanguka. Yule mtu akanywa maji, akasimama, akajifuta mikono nyuma ya suruali. Basi! Mama yako akapiga kelele ukumbi mzima ukaruka: 'Anshel! Mikono! Si kwenye suruali!'"

Anshel hakuondoa mikono kwenye dawa.

"Watu walicheka, ndiyo. Yeye hakuwasikia. Akamwambia mwenye mashine arudie. Akarudia. Ukajifuta tena, akakugombeza tena. Mara ya tatu hakukugombeza, akakaa akakuangalia tu, uso uko hapa na shuka iko hapa. Mke wa rabi akamwambia, 'Pole, Beile-Raizl, hawakukipiga picha kichwa chake.' Akamjibu, 'Kichwa chake ninacho. Nilitaka kujua kama anatembea.'"

"Na jicho?" akauliza Anshel.

"Lilizima kabla ya Pasaka. Ameniambia hakuna haraka tena ya ile hospitali. Wawape wengine."

Nje muuza barafu alipita akinadi barafu yake.

"Nilisikia mkasi," akasema Anshel mwishowe, bila kugeuka.

"Nilikata uzi wa gauni langu," akasema Fruma. "Lile lisilo na kabati."

Anshel akautoa ule ukanda wa filamu kwenye dawa, unachuruzika, akauinua mbele ya taa. Alikuwepo Bwana Tabachnik, kofia nzima, kichwa kizima, mwiko unang'aa. Anshel akautazama kidogo, akautumbukiza kwenye ndoo ya taka. Fruma akamnyoshea kitambaa. Hakukiona. Alijifuta mikono nyuma ya suruali, yote miwili, na Fruma, aliyekuwa akimgombeza kwa jambo hilo tangu siku ya harusi, safari hii alimwacha.